Mzazi wa Mtoto Mwenye Usonji na Kazi ya Mwalimu: Kumwandaa Mtu Mzima wa Kesho

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi humpokea mtoto akiwa na umri wa miaka sita au saba, humfundisha kwa miaka kadhaa, kisha humuaga na kuwapokea wengine. Mzazi hana mpaka wa namna hiyo. Kwa watoto walio wengi jambo hili halileti taabu, kwani kila mwaka unaopita mtoto huzidi kujitegemea, hata ikafika siku yeye ndiye anayemshika mkono mzazi wake. Lakini wako wazazi ambao mwana wao atatimiza miaka ishirini, thelathini, hata hamsini, naye bado atahitaji mtu wa kumsindikiza zahanati, wa kumweleza mwajiri tabia zake, au wa kuzungumza na askari aliyemkuta njiani akashindwa kuyaelewa majibu yake. Miongoni mwao ni wazazi wa watu wenye usonji. Swali linalowakosesha usingizi si kama mtoto atafaulu mtihani. Swali lao ni hili: "Sisi tukifa, nani atamsemea?"

Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi wazazi wa nchi mbalimbali walivyolikabili swali hilo, na kuonyesha lilivyo na uhusiano na kazi ya mwalimu. Rai yetu ni kwamba, ijapokuwa swali lenyewe lahusu mtu mzima, jibu lake huanza kutengenezwa katika darasa la kwanza; na kwamba mwalimu wa shule ya msingi ni mmoja wa mafundi wake, apende asipende.

Usonji ni nini?

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali inayotokana na namna ubongo unavyokua na kufanya kazi. Hali hii huanza utotoni na huendelea maisha yote. Mtu mwenye usonji hupata shida katika mawasiliano na katika mahusiano na watu. Aghalabu hupenda utaratibu usiobadilika, hurudiarudia matendo au maneno fulani, na huvutwa mno na jambo moja au mawili. Tena hisi zake huenda zikawa kali kuliko za wenzake, au hafifu kuliko zao. Mtoto anayeziba masikio na kupiga kelele mvua inapopiga juu ya paa la bati si lazima awe mtukutu; huenda sauti hiyo inamuumiza kweli.

Watu wenye usonji hawafanani. Wengine hawasemi hata neno moja maisha yao yote. Wengine husema sana, lakini juu ya jambo walipendalo tu. Baadhi yao wana ulemavu wa akili pia, na baadhi wamehitimu vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kadirio hilo, katika kila watoto 800 wa kata moja huenda wakawapo kama sita, ijapokuwa baadhi yao hawajaandikishwa shule na wengine wamekwisha kupewa majina ya wazito, wakaidi au wendawazimu.

Jambo ambalo mwalimu hana budi kulishika ni hili: usonji hauishi siku mtoto anapovua sare ya shule. Mtoto mwenye usonji hukua akawa mtu mzima mwenye usonji. Hujifunza mengi na hubadilika, kama binadamu wote, lakini hali yenyewe hubaki. Kwa kuwa vitabu na mabango huonyesha zaidi picha za watoto wadogo, ni rahisi kusahau kwamba sehemu kubwa ya maisha ya watu hawa hupita baada ya shule, mahali ambapo hakuna kengele, ratiba wala mwalimu wa zamu.

Lawama walizobebeshwa wazazi

Kabla ya kueleza wazazi walichofanya, yafaa tueleze walichofanyiwa. Mwaka 1943 Dkt. Leo Kanner, daktari wa watoto na wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali ambayo aliiona kuwa ya namna ya peke yake. Maelezo hayo ndiyo yaliyolifanya jina la usonji lijulikane kwa wataalamu. Kwa bahati mbaya, katika miaka iliyofuata ilienea nadharia kwamba watoto hao walipata hali hiyo kwa sababu mama zao walikuwa na mioyo ya barafu. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alichapisha kitabu kilichoitia nguvu nadharia hiyo. Mama aliyekuwa akikesha na mtoto wake aliambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye chanzo cha taabu, na kwamba dawa ni kumtenga mtoto naye.

Aliyeipinga nadharia hiyo kwa nguvu alikuwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa na mtoto wa kiume mwenye usonji, alikusanya maandishi yote aliyoweza kuyapata, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo kiko katika maumbile ya mwili wala si katika malezi. Mwaka 1969 Dkt. Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangazia kwamba hawana hatia. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, wakifanya kazi Uingereza, walichapisha utafiti juu ya mapacha uliodhihirisha kwamba urithi una sehemu kubwa katika usonji.

Historia hiyo ina mafunzo kwetu. Katika vijiji na mitaa yetu nadharia ya barafu haikufika, lakini lawama zilifika kwa njia nyingine: mama huambiwa amerogwa, au amelaaniwa, au alivunja mwiko wakati wa mimba, na mara nyingine baba huondoka na kumwachia mama mzigo peke yake. Mzazi anayekuja shuleni na mtoto wa namna hii, basi, aghalabu amekwisha kulaumiwa nyumbani, kwa majirani na hata kwenye nyumba ya ibada. Mwalimu akianza mazungumzo kwa kuuliza, "Mbona hamkumfundisha adabu?" atakuwa ameufunga mlango ambao pengine hautafunguliwa tena.

Mfano wa mtoto wa kwanza

Mtoto wa kwanza katika maelezo ya Kanner aliitwa Donald. Miaka mingi baadaye jina lake kamili, Donald Triplett, lilitangazwa, na maisha yake yakaandikwa kwa urefu. Kwa kuwa yalifuatwa tangu utotoni hadi uzeeni, yanatufaa sana kwa mfano.

Donald alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1937, akiwa hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa wampeleke katika nyumba ya kutunzia watoto iliyokuwa mbali na kwao. Wakampeleka. Mwaka uliofuata walikwenda kumchukua, ingawa mkuu wa nyumba hiyo hakuafiki. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, aliandika barua ya kurasa 33 akieleza kila alichokiona kwa mtoto wake: alivyokula, alivyosema, alivyohesabu, alivyozungushazungusha vitu. Barua hiyo ndiyo aliyopelekewa Dkt. Kanner. Hivyo basi, maelezo ya kitaalamu yaliyojulikana dunia nzima yalitanguliwa na kumbukumbu za mzazi aliyekaa na kuandika.

Mwaka 1942 wazazi walimpeleka Donald akaishi na mkulima na mkewe, maili 10 hivi kutoka mjini. Kanner alikwenda kumtembelea huko mwaka 1945, na aliyoyaona yanastahili kusomwa na kila mwalimu. Mtoto alipenda mno kupima vitu. Mkulima akampa kazi ya kuchimba kisima na kueleza kina chake. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi kiwe makaburi yao, naye akayawekea alama. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka. Wakamfundisha kuihesabu huku akilima kwa plau ya kukokotwa na farasi, na mgeni alimwona akilima mistari sita mirefu na kumgeuza farasi kwa ustadi. Zaidi ya hayo, alisoma katika shule ya kijijini ambako tabia zake za ajabu zilivumiliwa, naye akaendelea vizuri katika masomo.

Hatujui majina ya walimu wa shule ile kama tujuavyo jina la Kanner. Hata hivyo kazi yao ilizaa matunda. Donald alihitimu chuo mwaka 1958 akiwa amesoma lugha ya Kifaransa, akafanya kazi miaka mingi katika benki ya mji wao, akajifunza kuendesha gari alipokuwa na miaka 27, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi. Wazazi wake walifariki katika miaka ya 1980. Lakini walikuwa wamekwisha kumwekea mfuko wa fedha unaosimamiwa kisheria, ambao uliendelea kulipa gharama zake. Na wenyeji wa mji, waliomfahamu tangu utoto, walimtazama kama mtu wao na kuwa macho dhidi ya yeyote ambaye angetaka kumdhulumu. Aliishi katika nyumba aliyokulia hadi alipofariki mwezi Juni 2023, akiwa na miaka 89.

Hatuna budi kusema wazi kwamba familia hiyo ilikuwa na mali, na benki aliyofanyia kazi ilikuwa na uhusiano na ukoo wa mama yake. Wazazi maskini wa zama zile, na hasa Wamarekani weusi wa jimbo hilo hilo, hawakuwa na njia hizo. Lakini tukiiondoa mali, yanabaki mambo manne ambayo hayanunuliwi: wazazi waliotazama na kuandika, watu wazima waliogeuza mapenzi ya mtoto kuwa kazi, shule iliyompokea alivyo, na jamii iliyomzoea kabla wazazi hawajaondoka. Katika mambo hayo manne, mawili ya mwisho yanaihusu shule moja kwa moja, na mawili ya kwanza hayawezi kutimia vema pasipo msaada wake.

Wazazi waliposhikana mikono

Mzazi mmoja huweza kumtetea mtoto mmoja. Ili kubadilisha sheria na kujenga shule, walihitajika wengi. Huko London, Uingereza, mwaka 1962, wazazi walianzisha chama ambacho leo huitwa National Autistic Society. Mmoja wao alikuwa Dkt. Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili ambaye binti yake alikuwa na usonji. Mwaka 1965 chama hicho kilifungua shule katika eneo la Ealing, na mkuu wake akawa mwalimu Sybil Elgar. Baada ya miaka michache likatokea jambo ambalo lingetazamiwa: wanafunzi wakakua. Shule ilikuwa nzuri, lakini baada yake palikuwa patupu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1974 chama kilifungua makazi ya watu wazima yaliyoitwa Somerset Court, na Sybil Elgar mwenyewe akaenda kuyasimamia. Tunaona hapa mwalimu aliyewafuata wanafunzi wake hadi utu uzima, kwa kuwa yeye na wazazi walikuwa wametazama mbele pamoja.

Nchini Marekani, Rimland alishirikiana na wazazi wengine kuanzisha chama cha taifa mwaka 1965. Bibi Ruth Sullivan, muuguzi wa jimbo la West Virginia na mama wa watoto saba, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama hicho kuchaguliwa. Mwanawe Joseph alikuwa na usonji. Bibi huyu alikuwa miongoni mwa waliowaendea wabunge ili ipitishwe sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, iliyotiwa sahihi mwaka 1975. Kabla ya hapo shule za serikali ziliweza kumkataa mtoto wa namna hiyo. Baada yake zililazimika kumpokea na kumtengenezea mpango wa masomo ambao wazazi wana haki ya kushiriki kuutunga. Lakini sheria ya shule haimfuati mtu akiisha kukua. Mwaka 1979, Joseph akikaribia miaka ishirini, mama yake alianzisha katika mji wa Huntington kituo cha huduma kwa watu wenye usonji, watu wazima wakiwamo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki njia ni ile ile ijapokuwa hatua zilianza baadaye. Nchini Kenya wazazi waliunda Autism Society of Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo kikaanzishwa kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya msingi ya City, Nairobi. Nchini Tanzania, shule ya msingi Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zile zenye kitengo cha watoto wa namna hiyo, na wazazi wana chama chao cha taifa. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, nayo Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo inataja haki za watu wenye ulemavu waziwazi. Pamoja na hayo, wazazi wengi husema kwamba taabu kubwa huanza pale kijana anapomaliza shule: anarudi kuketi nyumbani, stadi alizojifunza zinafifia, na mama anayezeeka ndiye mwalimu, muuguzi na mlinzi wake.

Kumsemea na kumwezesha aseme

Kuna jambo moja ambalo wazazi wenyewe wamelazimika kujifunza. Mwana akiisha kutimiza miaka 18 si mtoto tena mbele ya sheria, hata kama hasemi, hata kama bado husaidiwa kuoga. Mwaka 1993, kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika Toronto, Kanada, Jim Sinclair, ambaye ana usonji, aliwaambia wazazi kwamba wasiwalilie watoto wao kama waliofiwa. Huzuni ni ya mtoto waliyemtazamia akakosekana, ilhali mtoto waliye naye yu hai na anawahitaji. Tangu hapo sauti za watu wazima wenye usonji zimezidi kusikika, nao wanadai kwamba mambo yao yasiamuliwe pasipo wao.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, umelitambua dai hilo. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 12 yasema kwamba watu wenye ulemavu ni sawa na wengine mbele ya sheria, na kwamba serikali ziwapatie msaada wanaouhitaji ili waitumie haki hiyo. Tofauti iliyopo hapa ni kubwa. Kumwamulia mtu ni kuchukua nafasi yake; kumsaidia aamue ni kumweleza kwa njia anayoielewa, kumpa muda, kuzitambua ishara zake za kukubali na kukataa, kisha kuzifikisha kwa wengine kwa uaminifu.

Je, hii ina maana kwamba mzazi anyamaze? La hasha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mara nyingi ni mama pekee anayejua kwamba mwanawe akijipiga kichwa jino linamuuma. Mzazi anayemsemea mwana asiyeweza kusema anafanya kazi ya haki. Lakini mtetezi mwema hupima kila mwaka: ni jambo lipi nililomsemea mwaka jana ambalo mwaka huu aweza kulisema mwenyewe, kwa neno, kwa picha au kwa ishara? Kipimo hicho hicho ndicho cha mwalimu.

Mwalimu afanye nini?

Walimu walio wengi hawatakuwa na mafunzo maalumu kama yale yatolewayo katika chuo cha Patandi, Arusha. Hata hivyo yako mambo ambayo mwalimu yeyote aweza kuyafanya katika darasa la kawaida, pasipo vifaa vya gharama.

Kwanza, amsikilize mzazi kabla ya kumshauri. Mzazi aulizwe: mtoto hutulizwa na nini? Hutibuliwa na nini? Husema vipi kwamba ana njaa au anaumwa? Angependa mtoto aweze kufanya nini atakapokuwa na miaka ishirini? Swali hili la mwisho mzazi huenda hajaulizwa na mtu yeyote, na jibu lake liingie katika azimio la kazi.

Pili, afundishe kuchagua na kukataa. Mtoto apewe vitu viwili achague kimoja; awe na kadi ya picha au ishara ya "sitaki" na ya "nisaidie"; na akiitumia, aheshimiwe kila inapowezekana. Mtoto aliyezoezwa kutii kila amri ya kila mtu mzima hupendeza darasani, lakini ukubwani huwa windo jepesi la wezi na wanyanyasaji. Kwa hiyo mafunzo ya kukataa, ya faragha ya mwili na ya kutambua mtu wa kumwendea wakati wa hatari ni masomo kamili.

Tatu, ayatumie mapenzi ya mtoto kama alivyofanya mkulima wa Mississippi. Mtoto anayependa kupanga vizibo vya chupa aweza kupanga madaftari, kuhesabu vikombe vya uji, kuweka jembe na fagio mahali pake. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo hutuhimiza tuanze mapema. Haituambii tumvunje mtoto ili afanane na wengine.

Nne, awafundishe wanafunzi wenzake. Hawa ndio watakaokuwa majirani zake, makonda wa daladala anazopanda, wauguzi, wenye maduka na wenyeviti wa mtaa. Mwanafunzi aliyeketi dawati moja na mwenzake mwenye usonji miaka kadhaa hatamwogopa atakapokutana naye sokoni akiwa mtu mzima. Mji wa Forest haukufundishwa kwa semina. Ulizoea kwa kuishi naye.

Tano, aandike. Barua ya kurasa 33 si lazima. Ukurasa mmoja kila mwisho wa mwaka, nakala moja ibaki shuleni na nyingine apewe mzazi, watosha. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtoto tutakayemwita Juma:

"Juma husema maneno machache. Akikubali hugusa mkono wako; akikataa hugeuza uso. Kelele za ghafula humtisha. Akitishika mpeleke chini ya mwembe, usimshike kwa nguvu, ngoja dakika kumi. Huosha mikono na kufunga vifungo peke yake. Mwaka huu amejifunza kununua chumvi dukani akiwa na kadi ya picha. Hajaweza kuhesabu chenji. Anapenda kumwagilia miche, na hufanya kazi hiyo vizuri kuliko wenzake. Akijikuna shingo sana, huenda ana homa."

Mwalimu anayeyaandika haya ameandika waraka ambao mama wa Juma atauonyesha kwa mwalimu ajaye, kwa mganga wa zahanati, kwa fundi atakayempa Juma kazi, na hatimaye kwa ndugu atakayempokea. Siku mama huyo atakapokuwa hayupo, ukurasa huo utaendelea kusema.

Sita, awakutanishe wazazi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Wazazi wawili au watatu wa kata moja wakijuana, waweza kupokezana ulezi, kwenda pamoja kwa ofisa elimu au ofisa ustawi wa jamii, na kuzungumza mapema na ndugu juu ya nani atakayemtunza nani. Mwalimu asijifanye kiongozi wao. Awape chumba cha darasa Jumamosi, na pengine barua ya utambulisho.

Hitimisho

Tumeona kwamba wazazi ndio waliozikanusha nadharia zilizowalaumu, ndio waliofungua shule na kupigania sheria, na ndio wanaobaki na wana wao shule zikiisha kufungwa. Tumeona pia kwamba hata mzazi hodari kuliko wote hufikia mwisho wa siku zake. Mwalimu hawezi kumwahidi mzazi kwamba mtoto wake hatahitaji mtu, na asithubutu kumwahidi hivyo. Aweza kufanya jambo jingine: kumwongezea mtoto idadi ya mambo anayoyaweza mwenyewe, idadi ya njia anazoweza kujieleza, na idadi ya watu wanaomfahamu. Kila linaloongezeka hapo hulipunguzia uzito swali lile linalomkosesha mzazi usingizi.

Maswali ya mjadala

1. Andika ukurasa mmoja wa kumbukumbu, kwa kufuata mfano wa Juma, juu ya mtoto yeyote unayemwona katika mazoezi ya kufundisha. Usitumie jina lake halisi. Ni mambo gani ambayo usingeyajua pasipo kumwuliza mzazi?

2. Tayarisha andalio la somo la dakika 30 ambamo mtoto asiyesema atapata nafasi tatu za kuchagua na moja ya kukataa.

3. Mama wa kijana wa miaka 22 mwenye usonji hataki mwanawe aende dukani peke yake kwa kuogopa asidhulumiwe. Kijana mwenyewe huonyesha kwa ishara kwamba anataka kwenda. Mwalimu wake wa zamani angewasaidiaje wote wawili?